Vipande vya Uso wa Maundu

Nakiri mapema: mimi ni mdaku. Nilipojiunga na kikundi cha uchoraji mjini Machakos, mwaka 1998, sikuwa na kipaji chochote. Nilitaka tu kujua watu wazima wenye akili zao hufanya nini kila Jumamosi alasiri ndani ya ukumbi wa kanisa, tena mlango umefungwa.

Kumbe walikuwa wakichorana. Mwalimu Nzioka, mstaafu wa shule ya msingi, alimkalisha mmoja wetu kitini, na sisi wengine tukamchora kwa makaa tuliyotoka nayo jikoni. Saa kumi na moja tulitandaza karatasi zote sakafuni bila majina, tukazizunguka, kila mtu akisema anachokiona. Sheria ilikuwa moja tu: kucheka ni baada ya chai. Mimi niliivunja siku ya kwanza, nilipoiona pua niliyomchorea Kitonga wa duka la vyuma.

Jumamosi moja, kati ya vichwa kumi vilivyotandazwa, palikuwa na sikio. Sikio tupu katikati ya karatasi kubwa ya manila, na lilikuwa la Mwalimu Nzioka bila shaka yoyote. Wiki iliyofuata alikaa Kitonga, nasi tukaona paji la uso lisilo na mtu. Wiki ya tatu, kidevu.

Mchoraji alikuwa Kavutha, mjane wa miaka sitini na kitu, mkulima wa mahindi na mbaazi upande wa Tala. Alifika mapema kila mara, akamzunguka aliyekaa kitini kama anayechagua mbuzi sokoni, akachora kitu kimoja, basi. Mkutano ukiisha aliikunja karatasi na kuitia ndani ya kiondo. Udaku ulinitafuna wiki nzima.

"Mama Mutindi," nikamwuliza Kavutha tukiosha vikombe, "mbona wewe huchori mtu mzima?"

"Hao watu sina haja nao, Lavender. Nachukua tu yenye ni ya Maundu."

Maundu alikuwa mumewe, mlinzi wa lango la kiwanda kimoja huko Athi River, aliyefariki mwaka 1977. Picha yake ya pekee ilikuwa kwenye kitambulisho, nacho kilirudishwa ofisini kifo kilipoandikishwa. Mutindi, kitinda mimba wao, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Sasa alikuwa aolewe Desemba, na jioni moja wakipukuchua mahindi alimwuliza mama yake baba alifanana vipi.

"Nikafungua mdomo nimwambie, nikakosa," Kavutha alisema. "Hiyo uso imeenda. Lakini nikiona kipande yake kwa mtu, naijua. Hiyo sikio ya Mwalimu ni yake kabisa. Mutindi asiende kwa watu bila kumjua babake."

Niliona aibu kwa udaku wangu, kisha nikazidi kuwa mdaku. Vipande vingine alikwisha kuvipata; ulibaki mdomo. Kwa wiki tano nilikodolea macho midomo ya wanaume wa Machakos kwa namna iliyokaribia kunivunjia heshima mjini, hadi Kavutha mwenyewe akauona kwa Wathome, fundi wa baiskeli. Tulimkalisha kitini kwa ahadi ya mandazi.

Agosti tulifanya onyesho letu. Kavutha alikuwa ameviunga vipande vyote kuwa uso mmoja, mkubwa, safi. Akamwalika Kilonzo, kaka mkubwa wa marehemu, aje athibitishe mbele ya Mutindi. Mzee alisimama pale, mikono nyuma.

"Huyu ni nani?"

"Angalia vizuri, Kilonzo."

"Nimeangalia. Hii sikio naijua. Ni ya huyu Mwalimu."

Nilimchukia mzee yule. Halafu nikatazama tena, nikaona hakukosea: kila kipande kilikuwa mahali pake, lakini mwenyewe hakuwapo. Mutindi alitazama chini. Kavutha aliibandua picha ukutani, na mimi nililia hadharani, nisiyejua hata kumchora Kitonga.

Jumamosi iliyofuata alikuja kuaga, kwamba anarudia shamba lake. Aliyemzuia ni mwenzetu kikundini, Sainab, muuza vitambaa, Mwislamu. Huyu tangu siku ya kwanza alitueleza kwamba dini yake haimruhusu kuchora sura za watu, kwa hiyo sisi tulipohangaika na pua, yeye alichora birika na mikunjo ya shuka.

"Mama, keti kwanza," alisema. "Ni kitu gani ya mzee wako unaijua hata ukifunga macho?"

Kavutha alifikiri. "Koti yake ya kazi."

"Iko wapi?"

"Tulipogawa nguo ilienda na binamu yake, ikaisha zamani. Lakini hiyo niliishona mara saba, Sainab. Uso sikuwahi kuishona."

Akaketi. Alianzia kwenye mishono, mahali ambapo sisi wengine tungemalizia, na mkono haukusita hata mara moja. Koti likatokea karatasini limetundikwa msumarini: kiraka cha gunia kwenye kiwiko, kifungo cha mwisho tofauti na vingine, kola iliyoinuka upande mmoja kwa kuegemea lango miaka na miaka. Mfuko wa kushoto ulining'inia, umevutwa na kitu kirefu kilichokuwa ndani.

Novemba akamwita Kilonzo tena. Alikuja akinung'unika, Mutindi nyuma yake. Tulitandaza kazi zetu sakafuni kama kawaida, bila majina. Mzee alipita yangu bila kupunguza mwendo, akapita ya Kitonga, akafika kwenye koti. Akavua kofia.

"Maundu," alisema. Kisha, kwa ukali wa kaka mkubwa: "Na tochi yangu bado umekaa nayo."

Mutindi alipiga magoti kando ya karatasi.

"Alikuwa anaiweka wapi, baba mkubwa?" akamwuliza.

Kilonzo aliinama, magoti yakilia, akaweka kidole juu ya mfuko wa kushoto. Makaa yakamchafua. Akaketi pale pale sakafuni na kuanza kumwambia Mutindi habari za babake.