Siku Goti la Mama Mkwe Lilipokataa Kukimbia

Kila aliyekuwa na miguu alikimbia. Wanawake walioniambia asubuhi hiyo hiyo kwamba migongo inawaua waliruka mtaro wa kituo cha kununulia majani chai, vikapu mgongoni, na karani wa mizani akapanda juu ya meza. Binti yangu wa miaka mitano alikuwa ameanguka kifafa, na kwetu Gesima kila mtu alijua: mgonjwa akijamba ukiwa karibu, nawe umekipata.

"Ziba pua, wewe mama!" karani akanipigia kelele.

"Ziba mdomo, wewe!"

Nilikuwa na mimba ya miezi minane. Nilikuwa karibu kwenda hospitali kujifungua, na zaidi yangu hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumgusa mtoto huyu. Hilo ndilo lililonichemsha. Nikaweka leso chini ya kichwa chake, nikamgeuza ubavu kama muuguzi alivyonifundisha.

Mama mkwe hakukimbia. Sitamsifu, goti lake bovu ndilo lililokataa. Alibaki palepale alipoketi juu ya gunia, hatua mbili kutoka kwetu.

"Mtie kijiko mdomoni, atameza ulimi!"

"Hakuna anayemeza ulimi, Mama. Asitiwe kitu. Tunangoja tu."

Basi mtoto akajamba. Kituo kizima kilisikia.

Akalala kidogo, akaamka, akaomba ndizi. Machoni pa watu, aliyegeuka mgonjwa ni bibi yake. Kanisani siku ya Sabato benchi lake lilibaki tupu, yeye peke yake na Biblia. Majirani walimwita kutoka ng'ambo ya ua: "Bibi, hujaanguka bado?" Naye alingoja kweli, wiki nzima hakusogelea moto asije akauangukia. Wiki ya tatu akakasirika kunishinda.

"Ugonjwa gani huu unachelewa hivi?" akasema. "Hebu nionyeshe huko kumgeuza."

Nilijifungua salama. Niliporudi na mtoto mchanga, alinipokea mlangoni, hata kabla ya kumtazama mjukuu mpya.

"Dada yake alianguka jana. Nikamgeuza ulivyonionyesha. Saa sina, nikapima muda kwa wimbo wa kanisani. Ubeti wa tatu akatulia."

"Ukanyamaza?"

"Aa, nikaimba na wa nne. Majirani walikuwa wamejaa uani wanatazama."