Shamba la Masomo Lilibaki Kijani

Siku ya kwanza ya kazi, direkteri wa masomo yetu, shule ya musingi kule Dilala, alinipa chaki na kitabu cha jografia chenye kilikosa kifuniko. "Madame, usiongeze, usipunguze. Inspekteri anafwata kitabu." Nilikuwa nimetoka sekondari tu, nikaitika. Kwa miaka sita nilifundisha batoto ba darasa la ine. Sasa nimeacha, niko na mutoto kifuani, na hasira haijaisha.

Kitabu kilisema mvula inaanza katikati ya mwezi wa kumi. Batoto baliimba ile jibu kama sala. Nyuma ya darasa kulikuwa shamba la masomo, kwa kazi ya mikono. Siku ya kitabu ikifika, tunapanda mahindi. Kile nilichelewa kujua: bamama ba kartie, majirani ba masomo, balikuwa banatuangalia. Bengi, bankambo babo, ni kusema babu na bibi, balitoka Kasai kwa kazi ya mugodi. Kalenda ya udongo wa hapa hakuna mwenye alibaachia. Masomo ikipanda, nabo banapanda.

Mwaka wangu wa tano, mvula ilinyesha mara mbili, ikakata. Mahindi yakaanza kukauka. Direkteri akaamuru: "Leteni mayi mu bidoni. Inspekteri anakuja." Tukamwangia mahindi mayi kila asubuhi. Bamama bakaona kijani, bakasema basi wakati ni huu, bakapanda tena mbegu ya mwisho ya nyumba. Ya kwabo yote ikakauka.

Mama Kapinga, mwenye binti yake alikuwa darasani mwangu, alinikamata kwenye mulango.

"Madame, mbegu yenu munatoa wapi?"

"Ni sawa na yenu, mama."

"Basi Mungu wenu ni mwingine?"

Benzake bakacheka. Nikasema, "Tulimwangia mayi, mama. Sababu inspekteri alikuwa anakuja."

Nilienda kwa direkteri na moto kichwani. "Tata Direkteri, mvula imebadilika. Tufundishe batoto sababu."

"Sababu gani?"

Nikaanza kueleza, nikachanganya maneno. Redio inasema dunia inapata joto juu ya moshi wa viwanda na motokari, na miti yenye inakatwa. Mi napika na makala ya miti. Redio ileile inasema shaba na kobalti yetu njo itatengeneza motokari bila moshi. Nimepita Mutoshi, kwenye mugodi: ni mashimo, miti haiko. Sasa shiye batu ba hapa ni dawa ao ni ugonjwa? Mupaka leo sijui, na hiyo njo inaniumiza. Nilipewa diplome bila mutu kunifungulia hii neno hata siku moja.

"Ukielewa, utafundisha," direkteri akasema. "Leo, kitabu."

Nikafundisha kitabu. Hiyo ni kosa langu, silitupi kwa mutu. Lakini ninyi muko na batoto kwenye masomo, ulizeni banafundishwa nini. Mutoto ajue juu ya nini mvula inakata, ajue mbegu gani inavumilia jua, aweze kusaidia mama yake. Mi sikuweza.

Kisha mi kuacha kazi na kuzaa, Mama Kapinga alikuja kuona mutoto. Alibeba mbegu kwenye kitambaa. Dada yake alimutumia toka Sandoa.

"Madame, jana imenyesha. Nipande ao nisipande?"

"Panda nusu, mama. Nusu ingine, ngoja."

"Hiyo iko mu kitabu?"

"Hapana, mama. Ni woga tu."

Akafungua kitambaa juu ya kitanda changu, akaanza kugawa.