Walipogonga Chukudu Yetu

Chukudu ya bwana yangu ilichongwa na baba yake, mti wa mkaratusi mtupu, magurudumu mawili ya mbao, nzito kiasi cha kuinuliwa na watu wawili. Kwa chukudu hiyo alishusha viazi kutoka Kibumba mpaka Goma miaka yote ya ndoa yetu, goti moja juu ya ubao, mguu wa pili ukisukuma lami. Nyumba yetu hapa Majengo na minervale ya shule ya watoto vilitoka humo. Mimi ndiye niliyeuza viazi.

Vita vilipoingia mjini, askari walikimbia wakitupa silaha mitaroni, na bunduki ikawa bidhaa kama sabuni. Siku moja, kwenye bariyeri ya njia ya Rutshuru, askari wapya walioushika mji wakakuta bunduki moja ndani ya chukudu iliyotobolewa mti wake. Tangu hapo kila chukudu ikagongwa kwa nyundo. Mti mzima hulia kavu. Wenye uwazi hulia kama ngoma, na huo hupigwa shoka.

Yetu ilikuwa imeliwa na mchwa katikati, na bwana yangu alikuwa ameziba kwa bati na misumari.

"Papa, usiende na hii," nilimwambia. "Wataisikia."

"Mchwa si risasi, mama."

Kichwa kigumu kile, Mungu anisamehe, nilikuwa ninakipenda. Nikamfuata nyuma kwa pikipiki.

Askari aligonga mara moja tu. "Iko na kitu ndani."

"Iko na mchwa, shefu. Mchwa tu."

Wakaipasua na mzigo wake juu. Viazi vikabingirika hadi ng'ambo ya barabara, mchwa wakamwagika kwenye lami. Askari akacheka, akatuambia twende. Twende na nini? Nilimuuliza hivyo hivyo, bwana yangu akanivuta kitenge ninyamaze.

Mbao zile nilizipikia maharage. Hakuyagusa. Akakaa nyumbani wiki baada ya wiki, watoto wakafukuzwa shule, na mimi hasira ikanijaa mpaka nikawa nagombana na kuku wa jirani.

Kisha akarudi na chukudu mpya, bado inanuka utomvu. Amepewa na muzee mmoja wa mtaa, asema, mtu wa viatu vinavyong'aa. Apakie viazi vyake kama zamani, basi.

"Bure hivi hivi?"

"Hivi hivi."

Alipokwenda kunawa miguu nilichukua mchi wa kutwangia sombe nikaigonga. Ikalia kama ngoma. Nilipogeuka, alikuwa amesimama nyuma yangu, miguu inatiririka maji.

"Na wakigonga?"

"Hawatagonga. Aliyenipa anakula nao sahani moja."

Nilimwambia airudishe. Nilipaza sauti, nikalia, nikamwambia hicho ni kifo cha watu anachokibeba. Akaniuliza watoto wamekula nini leo. Nilimchukia kwa kuniuliza.

Asubuhi yake nikamfuata tena kwa pikipiki. Aliposhuka na mzigo, askari yule yule, nyundo mkononi, aliinua kamba ya bariyeri akamsalimia papa. Ile tupu waliipasua. Hii, pamoja na kilichomo, ikapita. Watoto wakarudi shule.

Jioni moja tulikuwa mezani tukasikia risasi, karibu kabisa. Bwana yangu akaliweka chini tonge la fufu. Vijana wenye bunduki walikuwa wamempiga risasi jirani yetu wa mlango wa pili, aliyekuwa akiuza yuniti za simu kibarazani pake. Alikufa kabla hatujafika. Bwana yangu alirudi ndani bila kunitazama, na mimi pia sikumtazama.

Matangani nilipeleka gunia la viazi, maana jirani hapeleki mikono mitupu. Lilikuwa limeshuka na chukudu siku hiyo hiyo. Mjane akanishika mikono yote miwili, macho yamemvimba.

"Aksanti, mama," akasema. "Mungu aibariki ile chukudu yenu."

Nikaitikia amina, nikaketi na wamama wengine kumenya viazi.