Kuamia Ndege Ugenini

Kwetu Salale, katika delta ya Rufiji, mtoto hapimwi urefu tu, hupimwa na sauti. Mpunga ukianza kutoa punje, mtoto anapelekwa shambani alfajiri kuamia. Kazi yenyewe ni kupanda dungu, kile kibanda cha miti chenye miguu mirefu, na kupiga kelele mpaka ndege wakome. Mimi nilikuwa na koo la sifa. Mama alikuwa akisema nikipiga ukelele kwetu, kwelea wa kata ya Maparoni wanaruka. Alikuwa anaongeza chumvi, lakini si nyingi.

Nilikwenda na koo hilo Uholanzi kusomea kilimo, na wiki za mwanzo tu likanipotea. Siku niliyofika bwenini nilimpigia mama, nikamsimulia baridi na baiskeli zinazotaka kumgonga mtu kila kona. Jirani akagonga ukuta. Nikapunguza sauti. Kwenye treni nilimsalimia mzee aliyekaa mbele yangu, behewa zima likageuka kunitazama. Nikapunguza tena. Huko hakuna anayemwita mwenzake kutoka ng'ambo ya barabara, hata watoto wanalia kwa adabu. Mwisho nikawa nanong'ona dukani, nanong'ona jikoni, na simu ya mama naipokelea chini ya blanketi.

"Mbona wanong'ona, mwanangu?" mama akauliza. "Mna mgonjwa humo ndani?"

"Hapana, mama. Ndivyo watu wa huku walivyo."

"Basi washakuambukiza."

Darasani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwalimu wetu, mzee mrefu aliyevaa tai kila siku na asiyecheka hata kwa bahati mbaya, alikuwa akiweka mkono sikioni kila ninapojibu swali. "Samahani, sijakusikia." Nikirudia, sauti inazidi kujificha. Kisha akatangaza kwamba Ijumaa kila mmoja atasimama mbele aeleze kilimo cha kwao, na asiyeeleza ahesabu somo limemshinda. Niliogopa, tena sioni haya kusema, niliogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa kiboko. Nikajiapia kimoyomoyo kuwa sauti isipotoka siku hiyo, nafunga mizigo narudi nyumbani, nikauze chapati stendi ya Kibiti.

Alhamisi niliamka mapema nikatoka kutembea, nijaribu maneno yangu mahali pasipo na kuta. Nyuma ya bweni kulikuwa na shamba la ngano iliyochipua juzijuzi. Nikalikuta limejaa bata bukini wa porini, wamejipanga kama wamealikwa karamu, wanang'oa miche na kumeza. Mtu mmoja akapita na baiskeli, akawatazama, akaenda zake. Roho iliniuma. Ngano ile ilikuwa na mwenyewe.

Ndipo nikaliona dungu. Pembeni ya shamba kilisimama kibanda cha mbao, kina miguu minne, ngazi na kidirisha. Nikafurahi, kumbe na hawa wanaamia! Furaha haikudumu, maana kibanda kilikuwa kimya kabisa, na kwa akili yangu kimya kile kilikuwa na maana moja: mwamiaji amelala. Kwetu anayelala dunguni hasahauliki, atasimangwa na kijiji mpaka msimu mwingine.

Sikufikiri. Niliokota kifuniko cha pipa la taka kando ya njia, nikapata na kijiti, nikaingia shambani nikipiga. "Haaaya! Hoooo! Haaaya!" Bata wakainuka wote kwa pamoja, shamba likabaki jeupe. Nikaligeukia dungu.

"We mlinzi! Wauchapa usingizi na mpunga wa watu waliwa?"

Nilisema mpunga. Hasira haichagui nafaka.

Kidirisha kikafunguka. Ikatangulia darubini, ikafuata tai, halafu uso wa mwalimu wangu. Mzee wa watu alikuwa amejibanza humo tangu kabla hakujapambazuka, akichunguza jinsi bata wanavyokula ngano changa. Shamba lenyewe lilipandwa kwa ajili yao. Utafiti wake wote wa asubuhi ile ulikuwa angani, unaelekea Ubelgiji.

Nikamwomba radhi, na bila shaka nilinong'ona. Mwalimu akaweka mkono sikioni kwa mazoea, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ngazi.

"Sikuelewa hata neno moja ulilonitukana," alisema, "lakini leo nimekusikia. Kesho niletee sauti hiyohiyo."

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa na sauti haikuja. Wenzangu wakainamia meza zao kunisitiri. Nilianza kuziona zile chapati za stendi. Mwalimu alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, ambako mimi tu ndiye niliyemwona. Akainuka taratibu, akakunjua mikono yake mirefu, akaanza kupiga mbawa. Mzee mzima, na tai yake shingoni, bata bukini.

Koo likafunguka lenyewe. Niliwaeleza dungu, kwelea na ngedere, nikawaonyesha jinsi tunavyowafukuza, mpaka mtu wa darasa la jirani akaja kuchungulia mlangoni kulikoni.

Jioni nilimpigia mama, nikamwamkia, nikamsimulia yote nikiwa nimesimama katikati ya chumba. Jirani akagonga ukuta. Nikamaliza kwanza nilichokuwa nasema. Upande wa pili kimya, nikadhani mtandao wa Salale umeanza mambo yake.

"Mama, wanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu. Simu nimeiweka kule mkekani, mimi niko huku mlangoni," akasema. "Kumbe mgonjwa keshapona."