Kiganja cha Fundi

Kabla pikipiki ya mtumba haijawashwa, fundi yule wa mji wa Leh, huko Himalaya, anayewakagulia wanunuzi, huweka kiganja juu ya injini, macho kayafumba, kama anayempima mtoto homa. Akikuta joto huondoka bila kuaga, maana muuzaji kaipasha makusudi ili kuficha ugonjwa wa kutowaka ikiwa baridi. Ujira wake ni chai ya chumvi, anayoinywa amesimama, kama anavyokula kwake, peke yake.

Kwa mjane Dolkar kiganja kiligusa, kikaruka.

“Mama, na wewe umetupikia injini?” Angchuk, aliyetaka kuinunua kwa safari za milimani, alifoka.

“Naiwasha kila asubuhi,” mjane akasema. “Marehemu alikuwa akiiwasha. Ikinguruma, nyumba inakuwa na mtu.”

Fundi hakuondoka. Aliiwasha, akaegemeza bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, akasikiliza mpaka chai yake ikapoa.

“Vipi, nzima?” Angchuk akauliza.

“Nzima. Itatuzika sote.”

“Basi naichukua.”

“Tafuta nyingine, bwana.” Akaizima taratibu, halafu akamgeukia mjane, sauti chini. “Kesho utaiwasha saa ngapi, mama? Nataka kuja kuisikiliza tena.”