Ikulu Iliyosagwa kwenye Karasha

Ujinga nilioufanya kwanza, kabla ya mengine yote, ni huu: nilimwambia mtu mwenye detekta, ile mashine ya kunusa madini ardhini, kwamba mtemi wetu alizikwa na dhahabu. Nilikuwa darasa la nne, nina pengo la meno mawili ya mbele, na nilijiona mjanja kuliko kijiji kizima. Nilisema huku najikuna mguu, bila haraka, maana uongo ukisemwa kwa haraka watu wanaukagua.

Usinicheke bado. Subiri.

Haya yamerudi juzi tu, baada ya mwalimu wa historia kutupa kazi: andika vivutio vitano maarufu vya mji mkuu wa kale. Wenzangu wakafungua vitabu wakaandika maboma ya Wajerumani, magofu ya pwani, misikiti ya mawe, vitu ambavyo hakuna hata mmoja wetu amewahi kuvitia machoni. Mimi kitabu nilikuwa nimekisahau nyumbani, kama kawaida yangu, nikaandika mji mkuu ninaoujua, ikulu ya watemi wetu. Siku ya kurudishiwa kazi mwalimu akanisimamisha.

"Shija, hii ikulu yako iko wapi?"

"Ilikuwa upande wa Bukombe, mwalimu. Ukishaipita Ushirombo, unaacha lami."

"Ilikuwa? Kivutio ni kitu ambacho mgeni akienda anakiona."

"Basi mwalimu niwekee sifuri tu, maana mgeni akienda leo ataona shimo."

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao, ndiyo kazi yangu pale shuleni. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani, hapa Nyasubi, Kahama, sikuwa na hamu hata ya kumtania muuza miwa. Nilijua nikifika, bibi atakuwa amekaa kibarazani akisubiri nimtembeze ikulu. Nitakueleza hilo baadaye. Kwanza ngoja nikutembeze wewe.

Ukifika kwetu unaanzia langoni. Lango lenyewe ni safu mbili za manyara, ule mmea wa utomvu mweupe, zilizosongamana, nene kuliko ukuta wa tofali, na bibi mzaa mama alizipunguza kwa panga kila zikianza kufunga njia. Yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji wa mahali pale, kazi aliyoachiwa na mama yake. Pale langoni mgeni anavua viatu, awe afisa awe mchunga mbuzi, anapiga makofi taratibu na kusubiri bibi aitikie kutoka ndani. Mimi nilikuwa sina viatu, kwa hiyo nilivua shati. Bibi alisema huko ni kuleta mzaha kwa wakubwa waliolala, lakini alisema huku akigeuza uso, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Ukipita lango unakuta mwamba mpana, umechongwa mashimo ya bao. Wazee waliokuja kwa mtemi na kesi zao walicheza hapo wakisubiri kuitwa. Siku zetu kesi zilikuwa zimeisha, bibi alianika michembe juu yake, na kazi yangu ilikuwa kuwafukuza kuku. Mpaka leo nikisikia harufu ya viazi vitamu vinavyokauka juani, miguu yangu inataka kukimbia.

Kuna nyumba ya ngoma, kibanda cha duara cha nyasi. Ngoma zenyewe zilichukuliwa zamani, hata bibi hakuzikuta. Kilichobaki ni sakafu aliyoikandika kwa samadi mpaka ikawa laini kama shavu. Chini ya sakafu hiyo kulikuwa na majembe ya kale, ya chuma kilichoyeyushwa na wahunzi wa hukuhuku, jembe moja kwa kila mtemi aliyetawala. Hilo halikuwa la kumwambia mgeni. Bibi aliniambia mimi kwa sababu nilimchosha kwa maswali, akaniapisha niteme mate chini.

Nyuma ya kibanda kuna makaburi ya watemi, marundo ya mawe ndani ya kichaka ambacho hakuna aliyekata hata fimbo. Na kando yake, kivutio chenyewe hasa, jiwe linalolia. Lilikuwa jeusi, limelala kama ng'ombe. Ukiligonga kwa kokoto linatoa sauti ya kengele, na si ya kigangoni kwetu, maana ile ilikuwa ringi ya lori. Hii ni kengele ya kweli. Bibi aliligonga mtu akifariki na siku ya mvua ya kwanza. Sisi watoto tuliligonga yeye akienda kisimani, halafu tunakimbia.

Hiyo ndiyo ikulu. Na mwongoza watalii nilikuwa mimi, nimejiteua mwenyewe. Walikuja wanafunzi, walikuja wageni wa katekista, siku moja moja alikuja mtu wa mjini na kamera. Nikawatembeza kwa biskuti. Niliongeza chumvi sana, nakiri. Mtemi mmoja nilimpa urefu wa nguzo ya umeme.

Sasa siku hiyo wakaja wanaume wawili kwenye bodaboda, mmoja mtu mzima, mwingine kijana, na detekta imefungwa nyuma kwa mpira. Walikuwa wanatafuta maji ya kunywa. Bibi alikuwa shambani. Nikawapa maji, na kwa kuwa mdomo wangu haujui kupumzika, nikawapa na ziara.

"Vua viatu," nikamwambia yule kijana pale langoni.

"Dogo, mimi nina fangasi. Watemi wako watanilaani bure."

Akaingia na viatu. Nikawaonyesha bao, nikawagongea jiwe. Wakatazamana.

"Yaani hii ndiyo ikulu?" kijana akasema. "Mbona haina hata bati?"

Hilo liliniuma. Pale kwenye nyumba ya ngoma akawasha mashine yake kwa mzaha, akaipitisha sakafuni. Ikalia. Ikalia kama mtoto aliyeng'atwa na siafu. Mtu mzima hata hakusogea. "Chuma hicho," akasema. "Msumari huo. Twende zetu." Na wakageuka, naapa, walikuwa wanaondoka. Mtu mzima alishavaa kofia yake.

Msumari! Ndani ya nyumba ya mtemi! Ningeweza kunyamaza. Ningeweza hata kusema ni majembe, nikavunja kiapo, basi, nichapwe. Lakini jembe, wewe fikiria, nani anajivunia jembe, na kila nyumba inalo? Hapo ndipo nikajikuna mguu nikasema, "Siyo msumari. Mtemi alizikwa na dhahabu, na huo ndio mlango wake. Na lile jiwe linalia kwa sababu limejaa ndani."

Walirudi Jumapili, bibi na mama wakiwa misani. Walifumua ile sakafu. Majembe waliyatupa pembeni kama vyuma chakavu, wakaendelea kushuka, na chini yake wakakuta mwamba mweupe wenye mistari. Wakaubeba, wakausaga, wakauosha kwenye karai. Uling'aa.

Ndiyo. Uongo wangu ulikuwa kweli. Sijawahi kuona adhabu ya namna hiyo.

Kama hujakaa huku kwetu hujui mlipuko unavyokuwa. Mtu mmoja akiona dhahabu asubuhi, jioni wameshasikia mpaka Geita. Wakaja kwa baiskeli, kwa malori, kwa miguu, Waislamu na Wakristo, watu wa Kigoma, wa Singida, wa Mara. Maturubai ya bluu yakapandwa kama mahindi. Manyara yakakatwa ili malori yapite. Karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ikafungwa mita chache kutoka jikoni kwa bibi, na kuanzia siku hiyo tukawa tunaongea kwa kupiga kelele, hata tukisali. Uji wetu ulikuwa na vumbi la mwamba. Mwenyekiti wa kijiji alikuja na watu wenye mafaili, wakasema bibi ni mwenye nyumba na shamba, lakini kilichoko chini ya ardhi si chake. Bibi akawauliza, "Na waliolala chini je, ni wa nani?" Wakaangalia viatu vyao.

Bibi akachukua kigoda akaenda kukaa kwenye makaburi. Alikaa pale kila siku, na kanga yake ya kanisani. Nitakwambia kitu: wale wachimbaji hawakumkosea adabu hata mara moja. Kila asubuhi walipita mmoja mmoja na sururu mabegani. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, wajukuu zangu." "Mwangaluka, bibi." Naye anaitikia. Walimletea chai. Jua likizidi walimhamisha kigoda, wakambeba naye akiwa amekaa, taratibu kama yai, wakamweka kivulini, halafu wakachimba pale alipokuwa ameketi. Hakukuwa na hata mmoja wa kugombezwa. Walichimba kwa heshima zote.

Na mama yangu alikuwa anawapikia. Baba alikuwa fundi wa pampu migodini, huonekana mwisho wa mwezi. Mama hakuwa na la kufanya zaidi ya kuangalia shamba lake likigeuka mashimo, kwa hiyo akawasha jiko. "Mama Shija, wali maharage!" "Mama Shija, ongeza pilipili!" Nilikuwa nahudumia sahani na kuchekesha wateja. Waliniita mtemi. Walisema nikikua nitakuwa mkurugenzi wa mgodi. Nilicheka nao, na kila nikigeuka namwona bibi kwa mbali juu ya kigoda, mdogo kama furushi.

Jiwe ndilo lililonimaliza. Walilianza mchana kweupe, kwa nyundo kubwa, kwa sababu habari ilikuwa imezagaa kwamba limejaa ndani. Unajua habari hiyo ilianzia wapi. Likalia. Kila pigo lililia, ile sauti ya msiba na ya mvua ya kwanza, na kule mashambani watu wakaacha majembe wakaja mbio wakiuliza nani amefariki. Lilipopasuka likanyamaza. Wakalibeba kwa karai, wakalitupia kwenye karasha. Halikuwa na chochote. Hata chembe.

Baadaye mashimo yakaingia chini ya nyumba. Ukuta wa chumba cha bibi ukafunguka kuanzia paani mpaka chini, unaweza kupitisha mkono. Wiki hiyo tukahamia hapa Kahama, magodoro juu ya lori la mkaa, bibi mbele na dereva. Mifupa ya watemi ilihamishwa, wanasema. Imepelekwa wapi, kila mtu anataja mahali pake. Na dhahabu yenyewe haikudumu. Wachimbaji walifuata mlipuko mwingine, wakaacha maji ya kijani kwenye mashimo na vyura wanene ajabu.

Sasa turudi kibarazani. Macho ya bibi yameingia ukungu, anatambua watu kwa hatua. Kila nikitoka shule ananiita. "Ng'wanone, mwanangu, njoo. Nitembeze." Nami namtembeza kwa mdomo, kama wale wageni wangu wa biskuti. Namwambia nimepita huko likizo, manyara yamefunga njia kidogo, tutapunguza. Michembe imeanikwa kwenye bao. Nyumba ya ngoma imeezekwa upya. Anauliza, "Na jiwe?" Nasema, "Linalia, bibi." Anauliza nani analigonga siku hizi. Nampa jina la mtu. Anaitikia kwa kichwa, anaridhika, anasema, "Wabeja," yaani asante.

Mwanzoni ilikuwa rahisi, mimi ni fundi wa hayo mambo. Lakini mwezi huu ameanza kusema Desemba nimpeleke. Anataka akalale huko, na akilala moja kwa moja tusimrudishe. Ameshakunja kanga zake mbili kwenye mfuko wa rambo na kuning'iniza mfuko mlangoni. Na mimi, badala ya kufunga mdomo, nimesema, "Nitakupeleka, bibi." Nitampelekaje? Kwenye maji ya kijani? Nimwambie avue viatu pale?

Ndiyo maana jana sikuingia kwa kupitia kibarazani. Nilizunguka uani, mama alikuwa anachambua mchele, bibi yupo ndani. Nikamweleza mama yote. Detekta, kujikuna mguu, habari ya jiwe. Halafu nikamweleza na uongo wa kila jioni, na ile ahadi ya Desemba. Nilijaribu kuweka utani katikati, ukakwama. Kuna vitu vinaisha halafu unagundua wewe ndiye picha yake iliyobaki, na picha yenyewe ni ya mtu muongo, na watoto wadogo wa mtaani kwetu hapa hawajui hata kama kuliwahi kuwa na mahali ambapo jiwe liliweza kuita watu kutoka mashambani. Nikikaa kimya pameisha. Nikiongea naongopa.

Mama hakuinua kichwa. Alipepeta ungo mara moja, makapi yakaruka, akasema:

"Kwa hiyo unadhani bibi yako ni mjinga? Ule ukuta ulipasuka yeye akiwa ndani, mimi ndiye niliyemtoa kwa mkono, alikuwa anakohoa vumbi. Anajua hakuna kitu kule. Anajua na wewe ndiye uliyewaambia, alijua siku ileile, mtu wa bodaboda alimkuta njiani akamwuliza kama kweli pale ndipo mlango wa dhahabu, eti mtoto mwenye pengo amemwambia. Akaniambia nisikuguse. Anakuuliza kila siku kwa sababu mimi siwezi kupataja, nikipataja nalia, sasa asikie kwa nani? Desemba tutampeleka, na shimo lake tutalichimba sisi wenyewe. Toka hapo kwenye mwanga wangu, nenda kibarazani, ameshatoka, anakusubiri."