Kuota Taa kwenye Nyanya za Mzee Urpo

Nilifumaniwa nimevaa nguo ya kuogelea, nimelala chali katikati ya nyanya za mtu, saa saba na nusu mchana, na nje ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.

Usicheke kwanza.

Aliyenifumania naye alikuwa kavaa taulo. Na mkononi kashika kichupa cha chumvi.

Ngoja nianze mwanzo, maana ukiishia hapo utanifikiria vibaya kama walivyonifikiria majirani.

Naitwa Irmeli. Nina miaka arobaini na tatu, naishi mji mdogo kaskazini kabisa mwa Finland, na kazi yangu ni kuendesha basi la maktaba. Ndiyo, basi limejaa vitabu. Nazunguka vijiji kumi na vinne. Nasimama, mabibi wanapanda, wanarudisha riwaya za mauaji, wanachukua nyingine za mauaji, wanashuka.

Kazi hii naipenda kuliko nilivyompenda mume wangu wa kwanza. Na yule nilimpenda sana, kama miezi minane hivi.

Shida yangu ni Desemba.

Kwetu jua likizama mwanzoni mwa Desemba, ndiyo limeaga hivyo, mtaonana Januari. Mchana unakuja mwanga wa bluu, unakaa saa mbili tatu, unaondoka. Wenzangu wengi wanavumilia. Mimi jamani hapana.

Nalala kwa muda wa saa kumi na mbili, naamka nimechoka. Simu ikiita, moyo unanidunda kama nimeiba kitu. Naweza kusimama jikoni nusu saa nikitazama birika, nimesahau nilitaka chai au nilitaka kulia.

Mwaka juzi nilipaki basi pembeni ya barabara nipumzishe macho dakika tano. Nikaamka baada ya saa nne.

Mabibi wa kijiji cha mwisho walikuwa wamenisubiri kwenye theluji na vitabu vyao kwapani. Hakuna aliyenigombeza. Mmoja akanipa soksi alizofuma mwenyewe. Nililia njia nzima ya kurudi.

Kesho yake bosi wangu, Ensio, akaniita ofisini. Huyu bwana kwa siku anatumia maneno sita, na matano ni "mhm." Akatazama meza, akatazama viatu vyake.

"Irmeli, hali ile ikirudi, nitakuhamishia stoo ya chini."

Stoo ya chini ni chumba cha vitabu chakavu, chini kabisa ya maktaba. Hakina hata dirisha. Sasa mtu anayeumwa giza unamfungia kwenye giza?

"Nimeelewa," nikasema.

Nilitoka pale nimemchukia kutoka unyayo hadi utosi. Na ubaya zaidi, Ensio anakaa jengo letu, ghorofa ya juu yangu. Nikisikia hatua zake darini naona kama ananikagua.

Basi mwaka jana giza lilipokaribia nikaenda kwa nesi. Nikamwambia ukweli, kwa sababu yeye analipwa kusikiliza. Akaniambia mambo manne. Kaa mbele ya taa kali kila siku. Kunywa vitamini. Tembea nje. Na zungumza na mtu.

Matatu ya kwanza nikasema sawa. La nne likanishinda palepale.

Lazima ujue watu wa kwetu walivyo. Kabla ya kutoka nyumbani unachungulia kwanza kwenye tundu la mlango. Ukiona jirani yuko kwenye ngazi, unasubiri apite ndiyo utoke. Hatuchukiani, ni heshima tu. Na hatuulizani ovyo "hali yako?" Ukimuuliza mtu hivyo, maana yake una muda wa kukaa chini usikie jibu lote. Nani ana muda huo?

Nikanunua taa. Siku ya kwanza nikakaa mbele yake, nikasinzia, nikaamka shavu limebandika kwenye meza. Siku ya pili vilevile. Nikaona hii hainisaidii, ni mto wenye waya.

Ndipo nikaliona banda la nyanya.

Liko nyuma ya jengo letu, la kioo, la Mzee Urpo wa ghorofa ya chini. Alikuwa fundi wa nguzo za simu, sasa kastaafu, analima nyanya Desemba kwa taa kubwa kubwa na joto la bomba la maji moto la jengo. Watu walimwita kichaa. Hata mimi.

Siku hiyo natoka kutupa takataka, nikaona ule mwanga umemwagika juu ya theluji. Miguu ikaenda yenyewe. Mlango una komeo tu, hauna kufuli.

Nikaingia.

Aisee!

Joto. Mwanga mpaka unafumba macho. Harufu ya majani ya nyanya, ile harufu ya kiangazi kabisa. Kulikuwa na benchi. Nikakaa dakika kumi, machozi yananitoka na huku natabasamu. Sijui hata nilifananaje.

Kuanzia hapo nikawa mteja. Kila siku saa saba, mapumziko ya mchana, nachungulia tundu la mlango, ngazi tupu, natoka nduki. Wiki ya kwanza niliingia na koti. Ya pili nikavua koti. Ya tatu ndiyo nikaanza kwenda na nguo ya kuogelea na miwani ya jua.

Kwa nini sikumwomba Mzee Urpo ruhusa? Kwa sababu angeniuliza, "Una nini, mwanangu?" Halafu ningetakiwa kujibu.

Na ilisaidia! Nilianza kuamka bila kusukumwa. Nilizunguka vijiji vyote kumi na vinne, sikusinzia hata mara moja. Nikimpita Ensio kazini, nanyanyua kidevu juu. Stoo utakwenda wewe, nasema moyoni.

Halafu siku moja nikakalia benchi, nikaruka.

Lilikuwa na joto la makalio ya mtu.

Kesho yake nikakuta nyanya imeng'atwa, imeachwa nusu ukingoni. Nyanya ya mzee wa watu! Mimi pale nilikuwa naiba mwanga tu, na mwanga hauishi. Lakini kula? Damu ikanichemka.

Mtu wa kwingine angesubiri amkamate mwizi. Sisi kwetu mtu akikuudhi unamwandikia karatasi, unaibandika kwenye ubao wa matangazo pale chini ya ngazi, huweki jina. Kila jengo lina ubao wake, na vita vyote vinapiganwa pale.

Nikaandika kwa herufi kubwa: ANAYEKULA NYANYA ZA WATU KULE BANDANI AACHE MARA MOJA. AIBU!

Nikalala usingizi wa mwenye haki.

Asubuhi nikakuta mtu kajibu chini yake kwa kalamu ya bluu: "Wewe umejuaje zimeliwa?"

Kumbe nimejikamatisha mwenyewe!

Jioni yakaongezeka. Mwandiko mwingine: "Anayesogeza benchi alirudishe lilipokuwa." Mwingine tena: "Taulo lenye bata ni la nani? Linanuka." Na chini kabisa, kwa penseli, kwa unyonge: "Bata ni wangu. Samahani."

Wacha we! Nilidhani ni mimi na mwizi mmoja tu, kumbe jengo zima linaota taa! Hatujawahi kukutana kwa sababu kila mmoja anachungulia tundu la mlango kwanza.

Ningefurahi, lakini niliogopa. Mama Tyyne, mwenyekiti wa wakazi, hana mchezo na ubao ule. Alibandika tangazo juu ya yote: KIKAO CHA WAKAZI, ALHAMISI SAA KUMI NA MBILI JIONI. JAMBO LA KWANZA: NYANYA. WOTE WAHUDHURIE.

Wote. Pamoja na Ensio wa ghorofa ya juu.

Mchezo umekwisha, nikasema. Ensio atajua hali imerudi. Atachukua funguo za basi, atanipeleka chini nikahesabu vumbi.

Nikaacha kwenda bandani. Siku tano. Siku ya kwanza nilijikaza. Ya tatu nikaanza tena kutazama birika. Ya tano nikapita kijiji kizima bila kusimama, mabibi wamenyanyua mikono, ndiyo nikashtuka nikarudi kinyumenyume.

Alhamisi mchana nikakata shauri. Kama leo ndiyo mwisho, basi niote mara ya mwisho, tena kwa heshima zote. Nikavaa nguo ya kuogelea. Nikalala chali chini kabisa, katikati ya mistari ya nyanya, mwanga wote unipate.

Komeo likalia.

Nikafungua jicho moja. Miguu mirefu, myeupe kama maziwa. Taulo lenye bata. Miwani ya jua. Kichupa cha chumvi.

Ensio.

Tulitazamana mpaka miwani yake ikaingia ukungu.

"Mhm," akasema.

"Mhm nini?" nikafoka, sijui ujasiri nilitoa wapi. "Kumbe mwizi wa nyanya ni wewe!"

"Moja kwa siku." Akaficha chumvi mgongoni. "Na zamu yangu huwa saa saba na nusu. Umechelewa kutoka."

"Basi nipeleke huko stoo tujue moja! Ndiyo, hali imerudi. Inarudi kila mwaka, bosi. Nifungie gizani ufurahi!"

Akavua miwani. Kwa mara ya kwanza nikaona macho yake vizuri, yamevimba kama yangu.

"Kwani hujawahi kushuka kule?"

"Nikafanye nini?"

"Irmeli," akasema. "Kule chini kuna kitanda."

"Kitanda cha nani?"

"Changu. Miaka kumi na moja sasa. Desemba ikinizidi nashuka, nalala saa moja, napanda naendelea na kazi. Kuna blanketi. Kuna redio. Hakuna anayekuja, hakuna anayeuliza." Akakaa kwenye benchi, taulo akalishika vizuri. "Nilikuwa nakupa wewe. Ndiyo mahali pazuri kuliko pote nilipo napo."

Nikainuka nikakaa.

Mwaka mzima na zaidi nimemchukia mtu aliyekuwa ananigawia kitanda chake.

"Sasa si ungesema hivyo!" nikamwambia.

"Nilisema."

"Ulisema 'nitakuhamishia stoo'!"

"Mhm." Akafikiri. "Kweli lilitoka vibaya."

Nikaanza kucheka. Naye akaanza, polepole, kama gari lililolala nje kwenye baridi. Tulicheka mpaka miche ikatikisika. Na hapo, bila hata kubisha, wakaingia Mama Tyyne na Mzee Urpo kukagua eneo la tukio kabla ya kikao.

Mimi na nguo ya kuogelea. Bosi na taulo.

"Haa!" akasema Mama Tyyne. "Kumbe ndiyo hivyo!"

"Mama, sivyo unavyodhani!"

"Sidhani kitu, naona kwa macho!"

Kufika saa kumi na mbili jengo zima lilishajua mimi na bosi ni wapenzi. Ukumbi wa kikao ulijaa, hata wale wasiohudhuria tangu lifti ilipokufa. Mama Tyyne akagonga meza.

"Nani na nani wanaingia kwenye banda la Mzee Urpo? Wajitaje."

Kila mtu anatazama soksi zake. Kwetu kimya kinaweza kufika robo saa na hakuna anayeona ajabu.

Ningeweza kujikausha. Uvumi wa mapenzi ungepita, watu wangesema basi tu, watu wazima hawa. Tena ilikuwa rahisi kuliko ukweli. Nikamwona Ensio kainamisha kichwa, masikio mekundu.

Nikasimama.

"Mimi naingia. Sifuati mwanamume pale. Giza linanishinda. Kila mwaka. Naogopa simu, naogopa kazi, naogopa asubuhi. Nikikaa pale nakuwa mtu." Sauti ikatetemeka, nikaiacha itetemeke. "Kama ni kosa, niandikeni."

Nikahesabu moyoni mpaka tisa.

"Na mimi," akasema Ensio, akanyanyua mkono.

Mkono mwingine. Mwingine. Wanandoa wa mlango wa pili walinyanyua wote wawili, wakageukiana kwa mshangao, maana kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake. Wa mwisho alikuwa Mama Tyyne mwenyewe, kanyanyua kidole kimoja tu, kama mtu anayeita mhudumu.

"Jumamosi tu," akasema. "Tena kwa ukaguzi."

Tukamgeukia Mzee Urpo atupe hukumu. Mzee alikuwa anafuta pua.

"Mnadhani mimi napenda nyanya?" akasema. "Zinanipa kiungulia. Mke wangu alipofariki daktari aliniambia nikae kwenye mwanga. Nikaona aibu mtu mzima kukaa mbele ya taa bila sababu. Ndiyo nikapanda nyanya, mtu akiuliza niwe na jibu." Akavuta pumzi. "Kufuli nilitoa makusudi wiki ya kwanza, nilipoona nyayo kwenye theluji zimeishia mlangoni. Nilikuwa naacha benchi, natoka, narudi labda nitamkuta mtu siku moja. Lakini nyie kila nikija mmeshakimbia."

Hakuna aliyecheka. Kuna mtu alilia kwa sauti, na sitamtaja kwa kuwa ni mwenyekiti.

Basi la maktaba bado naendesha mimi. Tumekubaliana na Ensio, kila asubuhi saa kumi na mbili ananipigia, nasema "nipo" au "sipo." Nikiwa sipo, anaendesha yeye. Mabibi wanasema anaendesha kama anabeba mayai.

Januari hii kuna siku alipiga, na kabla sijasema chochote akasema, "Leo mimi ndiye sipo." Yalikuwa maneno mengi kwake. Nikapanda ngazi na kahawa na mikate ya iliki, wala sikuchungulia tundu la mlango.

Somo langu ni hili. Miaka tisa niliumwa peke yangu nikiona aibu, na mtu wa kuniambia "hata mimi" alikuwa juu ya dari yangu, anatembea huku na huko kwa sababu naye hapati usingizi. Kama na wewe kuna kipindi kinakulemea, mwambie mtu mmoja leo. Ukitetemeka, sema hivyohivyo na kutetemeka kwako.